Askari wa hoteli kanifutisha picha ufuoni Watamu, sheria inasemaje? Na ndege niwapige wapi bila gari?

Bint Mnarani

Hamjambo nyote. Riziki yangu ni studio ndogo hapa Kilifi: picha za pasi, harusi, mahafali ya chekechea. Wateja wakiadimika natoka na lenzi yangu ya 70-300 kutafuta ndege. Nina maswali mawili na ombi moja.

Juzi nilikuwa ufuoni Watamu, maji yamekupwa, napiga yangeyange waliokuwa wakivua kwenye madimbwi ya mawe. Nyuma yao kuna hoteli. Askari wa hoteli akaja mbio, akasema wageni wao hawapigwi picha, akataka nifute zote mbele yake. Niko peke yangu, yeye ana rungu. Nikafuta. Je, ana haki hiyo? Ufuo ni wa hoteli?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nina picha niliyopiga Uyombo: mtoto wa kike wa miaka kama minane, kainua pweza aliyekaribia kumshinda urefu, anacheka mpaka macho yamefumba. Niliiweka mtandaoni. Sasa hoteli nyingine imeniandikia, inaitaka kwa kijitabu chake cha wageni na kwa ukuta wa mapokezi. Wamenitumia karatasi nitie saini, imeandikwa kwamba nawauzia "haki zote". Pesa si mbaya. Mamake mtoto namjua kwa sura tu.

Ombi: nielekezeni sehemu za ndege na wanyama kati ya Kilifi na Malindi ninazoweza kufika kwa matatu. Gari sina.

Kijana wa Bofa

Dada, ufuo ni wa umma, lakini ya nini kubishana na rungu? Picha ya mtoto uza tu. Ulimpiga hadharani, na hadharani hakuna faragha. Hakuna wa kukushtaki.

Mzee Lenzi, Malindi

Bi Mnarani, salamu. Kijana hapo juu amekupa nusu ya kweli, na ile nusu aliyoiacha ndiyo yenye kesi.

Tuanze na ufuo. Katiba ya 2010, ibara ya 62, imeihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Wewe ulikuwa madimbwini, tena maji yamekupwa, kwa hiyo ulisimama juu ya mali ya Wakenya wote, huyo askari akiwemo. Amri yake inaishia kwenye ukuta wa hoteli. Ndani ya ukuta, mwenye mahali akisema kamera hapana, ni hapana, na ukikaidi atakutoa. Nje ya ukuta anaweza kukuomba, na mimi nikiombwa kwa adabu husikiliza, maana mgeni aliyejilaza na nguo ya kuogelea naye ana faragha yake. Ibara ya 31 haikuandikwa kwa ajili yetu wenye kamera peke yetu. Lakini kukulazimisha ufute, au kukunyang'anya kamera, hana uwezo huo. Ibara hiyohiyo inakukinga usipekuliwe ovyo na mali yako isichukuliwe. Polisi mwenyewe anahitaji sababu ya kisheria, sembuse mlinzi wa geti.

Siku nyingine usimsomee ibara, hazimtishi. Mimi humgeuzia kioo cha kamera nikamwambia, "Tazama huyu ndege, kwenu anaitwaje?" Wengi wa walinzi hawa ni watoto wa hapahapa, wanawajua ndege kuliko sisi wenye lenzi, na mazungumzo yakishaanza rungu linashuka lenyewe. Akishikilia, mwombe amwite meneja, kisha ungoje palepale ulipo, usisogee kuelekea hotelini.

Na swali langu kwako: kadi ile umeshaipigia tena? Picha iliyofutwa haiondoki kwenye kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kama hujaigusa, itoe kwenye kamera, uichomeke kwenye kompyuta, kuna programu za bure zinazofufua. Pengine yangeyange wako bado wamo.

Pasipo na mzaha ni kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, na maeneo yaliyotangazwa rasmi kuwa ya ulinzi. Likoni kwenye feri kamera ikae mkobani. Droni ina mlango wake: kanuni za 2020 zinataka ujisajili na upate ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukitaka kuirusha juu ya hifadhi ya Shirika la Wanyamapori (KWS), uwe na kibali chao pia. Sheria hiyo vijana huilalamikia, mimi naipenda. Nimeona droni ikishushwa juu ya shakwe pale mdomoni mwa mto Sabaki, kundi zima likainuka, kisa mtu anataka sekunde kumi za kuweka kwenye simu.

Sasa mtoto wa Uyombo, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Kupiga ni jambo moja, kutumia ni jambo jingine. Ulipompiga hukukosea. Ukiitundika picha kwenye maonyesho kama kazi ya sanaa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 52, ina nafasi waliyoachiwa waandishi wa habari na wasanii. Lakini hoteli ikiuweka uso wa mtoto kwenye kijitabu cha kuvutia wageni, sanaa imekwisha hapo, hilo ni tangazo. Kifungu cha 37 kinataka idhini ya wazi kabla data ya mtu haijatumiwa kibiashara, na uso ni data. Mtoto naye hawezi kutoa idhini hiyo. Kifungu cha 33 kinaitaka kwa mzazi au mlezi, na hata mzazi akikubali, matumizi yenyewe lazima yalinde maslahi ya mtoto.

Mkidhani haya ni maneno ya vitabuni: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati uleule klabu moja ya burudani Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja wake bila kumwuliza. Mteja yule alikuwa klabuni, kijana wangu wa Bofa, mbele za watu, muziki unalia.

Kwa hiyo Bi Mnarani, fika Uyombo kabla hujatia saini popote. Wala usitangulize karatasi. Isafishe picha, kubwa, umpelekee mama iwe yake hata akikataa. Mweleze kwa maneno ya nyumbani: uso wa binti yako utakaa ukutani mwa hoteli fulani na kwenye kijitabu, kwa miaka kadhaa, na watu usiowajua watautazama. Bei mtajie. Wapiga picha wengi hapa ndipo wanapopata kigugumizi. Kwa maoni yangu familia ipate fungu lake. Sheria haikulazimishi, lakini pweza ni wao, cheko ni lao, wewe ulichangia lenzi. Na baba akiwa baharini, msubiri. Mama akikubali peke yake, mzee akarudi kusikia habari kwa jirani, utakuwa umewapandia ugomvi usiokuhusu.

Wakikubali ndipo karatasi itoke, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Picha yenyewe ibandikwe ndogo pembeni ili kusiwe na utata ni ipi. Iandikwe itatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na kwamba wanaweza kuiondoa idhini yao wakighairi. Nakala mbili, moja ibaki kwao. Kama mzazi hasomi, asomewe na mtu anayemwamini yeye, si wewe, kisha atie dole gumba.

Ile karatasi ya "haki zote" warudishie. Picha uliyoipiga kwa utashi wako ni yako, na Sheria ya Hakimiliki inakulinda kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ulipoitoa hadharani mara ya kwanza, ule utakaokuwa wa baadaye. Ukiuza haki zote, kesho utamkuta yule binti kwenye bango la kampuni usiyoijua, na wewe huna la kusema, wala mamake. Uza ruhusa ya kutumia: hoteli hiyo moja, kijitabu na ukuta, miaka miwili, jina lako chini ya picha. Wakitaka zaidi, waongeze.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa harusi, nikuongezee jambo ambalo nusu ya wenye studio hawalijui. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabika imehamia kwa mteja, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani harusi uliyoajiriwa kuipiga, mwenye picha ni aliyekuajiri. Unataka kuzitundika dirishani mwa studio? Liandike hilo kwenye risiti ya malipo ya kwanza, mstari mmoja tu. Halafu bado umwombe bibi harusi kwa mdomo, maana mstari kwenye risiti haujui kama mumewe ana wivu.

Sehemu za ndege nawaachia wenye magoti mazima.

Kijana wa Bofa

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo mbona umetufunga mikono? Kila anayepita nyuma ya ndege wangu nimkimbize na karatasi ya dole gumba?

Mzee Lenzi, Malindi

Marahaba. Hapana, mwanangu. Mtu aliyepita nyuma, hatambuliki, wala picha si yake, muache apite. Jiulize mawili: anajulikana ni nani, na kuna mtu anauza kitu kwa uso wake? Yote mawili yakiwa ndiyo, toa karatasi. Mtoto, toa karatasi hata kwa moja.

Sengi wa Gede

Mimi ni mwongoza watalii msituni, dada, hapa ndipo uwanja wangu.

Mida, ule mkono wa bahari wenye mikoko, ndiyo ya kuanzia. Panda matatu ya Malindi, shuka kituo cha Mida kabla hujafika Gede, tembea mpaka kwenye mikoko. Kuna daraja la mbao la kuning'inia linalopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia. Kuna ada ya kiingilio, na pesa zile husaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, basi usilalamike getini. Jambo la kuzingatia ni maji, saa ya mkononi haikusaidii. Ukifika yamekupwa kabisa utawaona ndege huko mbali kama punje za mchele, na lenzi yako ya 300 haitafua dafu. Tazama jedwali la maji, ufike yanapoanza kujaa, ukae kibandani. Tope linavyofunikwa ndege wanasukumwa kuja kwako wenyewe.

Utakaowapenda ni wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wala kaa. Huzaliana kwenye pwani za Uarabuni na Ghuba, kisha hushuka kwetu, na kaskazi ikivuma wamejaa. Tafadhali usiliendee kundi kwa miguu. Nafasi yao ya kula ni saa chache tope linapokuwa wazi, na kila unapowarusha unawanyang'anya chakula wanachokihitaji kwa safari ya kurudi.

Arabuko-Sokoke: matatu hiyohiyo, stesheni ya misitu iko kando ya barabara kuu, kusini kidogo ya Gede. Msitu una kilomita za mraba kama 420 na ndovu wamo, nyati pia, kwa hiyo usiingie peke yako na tripodi mabegani. Chukua mwongozaji pale stesheni. Asubuhi na mapema, kaa chini kimya penye majani makavu, utamsikia sengi kabla hujamwona, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Usimfuate. Ana njia zake, akikuzoea atapita tena. Kwenye miti ya mrihi tafuta kwera wa Clarke, ndege ambaye duniani kote anapatikana Kilifi kaunti peke yake. Kiota chake wanasayansi hawakukijua mpaka 2013, kilipopatikana kwenye kinamasi cha Dakatcha.

Halafu kuna kile kibundi kidogo cha Sokoke, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kina sentimita 16 hivi, mchana hulala kwenye vichaka vya ule udongo mwekundu, na wengi wenu mnakuja kwa ajili yake tu. Sisi hutangulia kukitafuta, tunakuleta, unapiga kwa dakika chache, tunaondoka. Flashi hapana. Kumchezea sauti ya mwenzake kwenye simu ili ageuze kichwa, hapana kabisa. Mchana akitolewa alipolala, ndege wadogo humzingira kwa kelele, na mwewe akizisikia kelele zile anajua pa kuja. Nimewahi kuahidiwa noti nitikise tawi ili bundi afungue macho. Bundi aliyefumba macho ndiye bundi aliyestarehe, mpige hivyo hivyo.

Na ukirudi nyumbani usitaje mtandaoni mahali alipolala. Zima GPS ya kamera, andika "Arabuko-Sokoke" uishie hapo. Tawi moja likijulikana, wiki ijayo kuna foleni chini yake, na wiki inayofuata bundi amehama.

Kwa picha za karibu nenda magofu ya Gede. Mradi wa Kipepeo uko palepale. Tangu 1993 wakulima wa kandokando ya msitu wanafuga viwavi wa vipepeo mpaka wawe pupa, na pupa hizo huuzwa nje ya nchi, na chumba cha vipepeo kina mwanga mzuri asubuhi. Magofuni kima watakurukia wakidhani una ndizi. Usiwape, hata mtu akikuuzia. Kima aliyezoea ndizi huishia kumng'ata mtoto wa shule, na lawama ni zake. Mahali penyewe ni pa Makumbusho ya Taifa na tangu 2024 pamo kwenye orodha ya UNESCO, kwa hiyo picha za biashara, bibi harusi na magauni yake, uliza kibali ofisini kwanza.

Sabaki nimwachie Mzee Lenzi, ni kwao.

Mzee Lenzi, Malindi

Sabaki panda matatu ya Mambrui, ushuke darajani, utafute kijana wa pale akuongoze, kwa sababu viboko wamo na hawana desturi ya kuuliza. Jioni shakwe na ndege wa majini hukusanyika kwenye fungu la mchanga mdomoni mwa mto, na heroe ukibahatika. Mto ukiwa umejaa tope jekundu piga jua likiwa chini, maji yote yanawaka. Kaa mbali na ncha ya fungu, pale ndipo wanapolala.

Mjukuu wa Kaya

Niongeze moja ambalo wapiga picha wanaotoka mbali hulisahau. Mkiona msitu mnene juu ya kilima, miti mikubwa imeachwa na mashamba yamezunguka, huenda ni kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Zimo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, lakini kabla ya UNESCO zilikuwa na wazee wake, na wapo bado. Hakuna kuingia na kamera bila wao. Wakikuambia hapa piga, pale usipige, usiulize sababu. Na vigango, vile vigingi vya mbao vya kuwakumbuka wazee waliofariki, popote mnapoviona, kwenye kaya au bomani mwa mtu, msivipige bila ruhusa ya wenyewe na kamwe msitaje kijiji. Kile si kinyago cha kupamba, ni marehemu wa watu. Vimeng'olewa kwa miaka mingi vikauzwa ng'ambo. Jumba la makumbusho la Denver, Marekani, peke yake lilikuwa na 30 lilipoamua kuvirudisha. Alichosema Sengi kuhusu bundi kinahusu vigango mara mbili, maana bundi anaweza kuhama.

Bint Mnarani

Asanteni sana, wazee na ndugu. Kadi sikuwa nimeigusa, yangeyange wamerudi karibu wote.

Nimetoka Uyombo. Nilimpelekea mama picha, majirani wakajaa uani kuitazama. Baba alikuwepo. Wamekubali kijitabu, lakini ukuta wa mapokezi bibi yake mtoto amekataa kabisa, hataki mjukuu wake atazamwe na kila anayeingia na kutoka. Nimewaeleza hoteli, wanasema bila ukuta watalipa nusu. Nikubali?

Mzee Lenzi, Malindi

Bibi ameshaamua, ukuta usiutaje tena. Nusu si mbaya, ila waulize kwanza wanachapa nakala ngapi na kama kijitabu kitawekwa pia kwenye tovuti yao. Kama kitawekwa, hiyo ni bei nyingine, na familia iulizwe upya, maana hukuwaambia habari za tovuti. Kisha wapelekee yangeyange kwa ule ukuta. Hao hawana bibi.

Kijana wa Bofa

Jumamosi maji yanajaa saa ngapi Mida? Na mimi nakuja.

Sengi wa Gede

Tazama jedwali, Kijana. Halafu uje masaa matatu kabla hayajajaa.